Huyu Bodi ni Nani?

Mwisho wa mwezi mpwa wangu alikaa nasi barazani, akafungua slipu yake ya mshahara kwenye simu. Ni mwalimu wa sekondari, mwaka wake wa tatu kazini. Akawa anaisoma mstari baada ya mstari, kama karani anayesoma hukumu. Mama yangu, yaani bibi yake, alikuwa pembeni na ungo wa mchele akitoa chuya. Kusoma hajui, ila kwenye hesabu ya fedha humpigi chenga. Kijana alipofika kwenye kato kubwa kuliko yote, ungo ukasimama.

"Mjukuu wangu, huyu Bodi ni nani anayekula laki na ishirini kila mwezi?"

"Bodi ya Mikopo, Bibi. Ndiyo iliyonisomesha chuo."

"Ala! Mimi nilidhani ni mimi."

Tulicheka sana. Baadaye nikajikuta nalirudia swali lile kichwani, maana mama hakukosea. Alikaanga vitumbua zaidi ya miaka ishirini, na kila kilo ya sukari, kila mche wa sabuni na kila vocha aliyonunua ilibeba kodi ndani yake. Leo kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ni asilimia 18. Fedha ambazo Bodi ilimkopesha mjukuu wake zilitoka Hazina, na Hazina hailimi. Inakula kwa watu kama yeye. Sasa kama mama alishalipa, na mjukuu analipa tena, je, kila mmoja analipia nini? Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili, na ndipo sera yetu ya kodi na elimu imechanganya mafaili.

Nichukue mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, kwa kuwa ni rahisi kuupigia hesabu. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Zinabaki 760,000 za kukatwa kodi ya ajira, na kwa jedwali la Mamlaka ya Mapato, TRA, kodi yake ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Kisha inakuja Bodi na asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi anabaki na 548,000, kabla ya chama cha walimu na kabla ya nauli. Angalia tena zile namba mbili: kodi ya serikali 68,000, Bodi 120,000. Kwa kijana huyu TRA ni mgeni wa pili mezani.

Ukishuka chini hali ni ngumu zaidi. Mwalimu mwenye shahada anayelipwa 400,000 katika shule binafsi anakatwa 40,000 za pensheni ya NSSF, na kodi yake ni 7,200 tu. Kwa nini ndogo hivyo? Kwa sababu sheria ya kodi ya mapato inakubali kwamba shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi ni za kula, hazikatwi kitu, na kipande kinachofuata kinakatwa asilimia 8. Makato ya mkopo hayana huruma hiyo. Yanaanza kwenye shilingi ya kwanza, kwa hiyo yeye anatoa 60,000. Zaidi ya mara nane ya kodi yake.

Kiwango hicho hakikuwa hivyo tangu mwanzo. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na kwa miaka kadhaa makato yalikuwa asilimia 8. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 ndiyo yaliyoyapandisha hadi 15, yakawakuta hata watu waliosaini mikataba wakiwa na asilimia 8 vichwani. Mei Mosi 2021, Mwanza, Rais Samia alitangaza kufuta ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na siku hiyohiyo akatangaza kushusha kiwango cha chini cha PAYE, yaani kodi ya ajira, kutoka asilimia 9 hadi 8. Vyote viwili vilikuwa nafuu ya kweli. Deni liliacha kuvimba usiku mtu akiwa amelala. Lakini asilimia 15 ilibaki palepale.

Kuna watakaosema: mkopo ni mkopo, kodi ni kodi. Mkopo una mwisho wake na ulisaini mwenyewe. Nakubali, kisheria ni hivyo. Ila kwa mtu anayeamua kama akubali kazi ya ziada, aombe cheo au afungue kibanda cha chipsi usiku badala ya kufundisha tuisheni ya kulipwa kihalali, kinachoangaliwa ni kinachobaki mkononi. Mpe mpwa wangu nyongeza ya shilingi 100,000. Pensheni itachukua 5,000, kodi 23,750, bima 3,000, Bodi 15,000. Anabaki na 53,250. Mpe nyongeza hiyohiyo mkubwa wake wa mshahara wa milioni nne, aliyemaliza deni zamani au ambaye baba yake alilipa ada taslimu. Yeye anabaki na 63,500. Tuna mfumo wa kodi unaojinadi kwamba mwenye nacho alipe zaidi, halafu kijana wa laki nane anakatwa kila shilingi ya nyongeza kwa ukali kuliko bosi wa milioni nne. Hakuna Bunge lililokaa likaamua hivyo kwa makusudi. Imetokea tu, kwa kuwa wanaopanga kodi wanakaa ofisi moja na wanaopanga mikopo wanakaa nyingine.

Tuje kwenye faida sasa, maana bila hiyo hatuwezi kusema nani alipe.

Wiki ile mama alipougua malaria alirudi kutoka kituo cha afya na pakiti ya dawa mseto. Aliyempa dawa alimweleza, akaitikia, akafika nyumbani akiwa amesahau nusu. Mtoto wa jirani, wa darasa la tano, ndiye aliyemsomea: vinavyofuata baada ya kupita muda wa saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe. Mtoto alichora saa kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi, akaibandika kwenye kabati la vyombo. Hakulipwa kitu. Hakuna soko la huduma ile, wala mzazi wake hakuwa na malaria ya mama yangu kichwani alipomnunulia daftari. Lakini mama alipona, hakuambukiza wengine kupitia mbu, na kituo cha afya kiliokoa dozi ya pili. Hiyo ndiyo faida inayovuja. Anasoma mmoja, wananufaika kumi ambao hawakuulizwa.

Wachumi wamekubaliana juu ya uvujaji huu kwa muda mrefu, hata wale wasioipenda serikali. Milton Friedman, ambaye soko kwake lilikuwa karibu dini, aliandika mwaka 1955 kwamba elimu ya msingi ya raia inastahili fedha za umma kwa sababu majirani wananufaika. Kwa mafunzo ya taaluma yanayomwongezea mtu kipato chake mwenyewe, alisema tofauti: serikali impe mtaji, kisha ichukue fungu la mapato yake ya baadaye, na fungu hilo likusanywe pamoja na kodi ya mapato. Wanaoimba jina lake kwa ajili ya kubana matumizi huruka ukurasa huo.

Wanachobishana ni ukubwa wa kinachovuja. Enrico Moretti alipima miji ya Marekani na mwaka 2004 akatoa jibu la kushangaza: wahitimu wa chuo wakiongezeka mjini kwa pointi moja ya asilimia, mishahara ya waliokatisha sekondari inapanda kwa karibu asilimia 1.9, huku ya wahitimu wenyewe ikipanda asilimia 0.4 tu. Yaani aliyefaidi sana ni yule ambaye hakusoma. Miaka minne kabla yake, Daron Acemoglu na Joshua Angrist walitumia sheria za kulazimisha watoto kwenda shule katika majimbo ya nchi hiyohiyo, wakaona kinachovuja kwenye mishahara ni kidogo sana. Mimi sioni mgongano mkubwa hapo. Mmoja alipima chuo, wengine walipima mwaka wa ziada wa shule, na wote walipima mishahara. Ile karatasi ya saa kwenye kabati la vyombo haimo katika mshahara wa mtu yeyote. Kwetu, ambako wengi hawana mwajiri wala slipu, ukipima elimu kwa mishahara tu umepima ndoo kwa kijiko.

Ila ukichukua jambo zima, picha moja inasimama: ngazi za chini huvuja zaidi kwa jamii, ngazi za juu huingia zaidi mfukoni mwa mwenye cheti. Kama kodi ingefuata mkondo huo, fedha za wote zingemiminika kwanza kwenye darasa la tano, na chuo kikuu kingegharimiwa kwa sehemu na wahitimu kadri wanavyopata.

Sasa tazama tunachofanya. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia Julai 2022. Hilo ni jambo kubwa na nililishangilia. Lakini ruzuku ya uendeshaji, ile ambayo walimu wakuu wanaiita kapitesheni, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, elfu nne hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho ni cha enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, kikiwa kimepimwa kwa dola 10. Leo elfu kumi haifiki dola 5. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa choo, vyote ndani ya elfu sita kwa mwaka. Na bumu la mwanafunzi wa chuo, fedha ya kula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku.

Kwa haki, bumu ni mkopo na litarudi, kapitesheni hairudi. Tena mshahara wa mwalimu wa msingi haumo katika ile elfu kumi. Na mwanafunzi wa chuo hawezi kushiba kwa hotuba. Elfu kumi kwa siku Dar es Salaam si anasa. Hata hivyo, ni vigumu kukaa kimya mbele ya namba hizo mbili: elfu kumi kwa mwaka, elfu kumi kwa siku. Pale ambapo uvujaji ni mkubwa ndipo tulipofunga bomba.

Tuliwahi kujaribu njia nyingine, ingawa siku hizi hatuikumbuki kama habari ya kodi. Mwaka 1966 serikali iliamua kila mhitimu apitie Jeshi la Kujenga Taifa kwa karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 katika kazi yake akilipwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake aliokuwa akiwapa wasomi, wa kijiji chenye njaa kilichompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki apate nguvu ya kwenda kuleta msaada. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Oktoba mwaka huo wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu na mabango, moja likisema afadhali ukoloni. Karibu mia nne wakafukuzwa, na Mwalimu akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kisa hicho tunakisimulia kama habari ya nidhamu na uzalendo. Kisome kwa jicho la kodi. Asilimia 60 kwa miezi 18 ni sawa na mishahara ya karibu miezi 11, imekwisha. Mpwa wangu akiwa na deni la milioni 12 na akakatwa 120,000 kila mwezi, atalipa kwa miezi 100, na jumla yake ni mishahara ya miezi 15. Wale wa 1966 walidhani wanaonewa kuliko kizazi chochote kitakachokuja!

Kato la 1966 lilikuwa na sifa moja ambayo la leo halina. Lilimfuata kila aliyesomeshwa, bila kuuliza baba yake ni nani. Leo vijana wawili wanakaa benchi moja Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmoja alikopa kwa kuwa kwao hawana, wa pili baba yake alilipa. Ada waliyolipiwa wote wawili haikutosheleza gharama halisi. Wahadhiri, maabara na majengo yamelipwa kwa kiasi kikubwa na Hazina, yaani na vitumbua vya mama. Wakiajiriwa kwa mshahara uleule, aliyetoka kwao hawana anabeba asilimia 15 kwa miaka minane. Wa pili anabeba PAYE peke yake. Mkopo alioula ni haki aulipe, sibishi. Lakini ile ruzuku ya pamoja, ambayo wote waliila sawa, hakuna utaratibu wowote wa kumfanya wa pili airudishe zaidi ya kodi ya kawaida. Na waziri au mbunge aliyemaliza chuo kabla ya Julai 1994, tarehe ambayo madeni yanaanzia kuhesabiwa, hadaiwi hata senti.

Lipo na jambo ambalo wahasibu wanalijua na wachumi wanalipenda. Ukinunua mashine ya kusaga, TRA inakuruhusu kutoa uchakavu wake kabla ya kodi. Mwajiriwa akijilipia ada ya shahada ya pili ya jioni, hatoi chochote. Kichwa hakina uchakavu mbele ya sheria. Utetezi upo: gharama kubwa ya kusoma ni mshahara unaoukosa ukiwa darasani, na mshahara usioupata haukatwi kodi, kwa hiyo tayari umesamehewa. Utetezi huo unafaa pale kodi inapokuwa kiwango kimoja. Ikipanda kwa ngazi, na ikapandiwa mgongoni na asilimia 15 nyingine, unakosa mshahara wa ngazi ya chini ili ukatwe kwa ngazi ya juu. Wachumi Lans Bovenberg na Bas Jacobs waliandika mwaka 2005 kwamba kodi ya kupanda na ruzuku ya elimu ni mapacha walioungana: ukiongeza moja, ongeza na nyingine, la sivyo watu watajiuliza wanasoma ili iweje. Sisi tumemtenganisha pacha mmoja kwa panga.

Waajiri nao wana kato lao, tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyokuwa asilimia 6 ya mishahara miaka ya nyuma na ikashuka hadi 3.5 kuanzia Julai 2023. Sehemu yake inaenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Ni kodi inayoeleweka, ila inamgusa tu anayeajiri kwa maandishi. Mwenye karakana bubu anayevuna mafundi waliofundishwa na VETA halipi.

Hilo la kumgusa anayeonekana tu ndilo donda lenyewe. Mhitimu aliyejiajiri anatakiwa na sheria ajipeleke mwenyewe kulipa, na binadamu wa kujipeleka ni wachache. Aliyehamia nje ya nchi anafikiwa kwa simu tu. Mchumi Jagdish Bhagwati alipendekeza miaka ya 1970 kwamba wataalamu wanaohama nchi maskini watozwe kodi ndogo irudi kwao, lakini nchi zinazowapokea hazina sababu ya kutukusanyia. Matokeo yake mzigo unakaa kwa mwenye slipu, na mwenye slipu ni mwalimu, muuguzi na bwana shamba, watu walewale ambao faida yao kwa jamii huvuja kwa wingi kuliko mshahara wao.

Serikali ilipotafuta njia ya kuwafikia wote mwaka 2021, ilikuja na tozo za miamala ya simu, ikieleza kwamba fedha zitajenga madarasa na vituo vya afya. Sababu ilikuwa njema. Makelele yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba mwaka huohuo zilipunguzwa kwa asilimia 30, zikaendelea kupunguzwa baadaye. Nakumbuka mama akisema hakatai kujenga shule, anakataa kukatwa kwenye hela aliyotumiwa ya dawa.

Kwa hiyo ningefanya nini? Kwanza ningeyapa makato ya mkopo kizingiti kilekile cha kodi ya ajira. Asilimia 15 ihesabiwe juu ya 270,000, si chini yake. Mpwa wangu angekatwa 79,500 badala ya 120,000, na mwalimu wa laki nne angekatwa 19,500 badala ya 60,000. Uingereza kwa waliojiunga na chuo kuanzia Agosti 2023 inakata asilimia 9 ya kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na chini ya hapo hakuna kitu. Australia imekuwa ikikusanya madeni ya wahitimu kupitia ofisi ya kodi tangu 1989, na malipo yanaanza kipato kikishafika kiwango fulani. Sisi pia tuna TRA yenye namba ya mlipakodi ya kila mtu anayefanya biashara ya maana. Daktari mwenye kliniki yake na wakili mwenye ofisi yake wangeonekana siku ya kupeleka hesabu, bila kungoja wajipeleke.

Si bure. Deni la milioni 12 litalipwa kwa miezi 151 badala ya 100, na mfuko unaozunguka utazunguka polepole wakati wadogo zake wanasubiri kukopeshwa. Pengo hilo la miaka ya kwanza lazima lizibwe na bajeti ya kawaida. Ningeliziba kwa wanaolipwa zaidi ya milioni kadhaa, ambako jedwali letu linakoma kupanda: asilimia 30 inaanzia milioni moja na kuendelea hadi mbinguni, kana kwamba wa milioni moja na nusu na wa milioni kumi na tano ni ndugu. Ngazi moja zaidi pale juu ingewafikia wahitimu wa zamani na watoto wa waliolipa taslimu, bila kumuuliza yeyote cheti. Na katika fedha hizo, kabla ya kuongeza hata shilingi ya bumu, ningeanza na ile elfu kumi ya darasa la tano.

Jioni ile barazani mama alikuwa amemaliza chuya. Alimwambia mjukuu wake arudi kwenye ile simu, aangalie vizuri kama kato lake nalo limeandikwa. Kijana akateremsha skrini mpaka chini, akapita pensheni, kodi, bima, Bodi. Akainua uso, akatoa noti ya elfu kumi mfukoni, akampa bibi yake kwa mikono miwili.